Salvador Allende: Daktari aliyegeukwa na chama alichokijenga

KATIKA mwaka wa 1931, wanafunzi wapatao 400 wa Chuo Kikuu cha Chile walikutana jijini Santiago kuamua iwapo wangeunga mkono waraka mmoja mkali. Waraka huo ulitaka nchi yao itawaliwe na mabaraza ya wafanyakazi, wakulima, wanajeshi na wanafunzi, kwa mfano wa yale yaliyoundwa Urusi. Mwanafunzi mmoja wa udaktari, mwenye umri wa miaka 23, alisimama akapinga. Alisema huo ulikuwa upuuzi mtupu, na kwamba hangekubali kutia sahihi akiwa mwanafunzi jambo ambalo angelikana siku atakapokuwa daktari.

Kura zikapigwa. Wanafunzi 395 walitaka afukuzwe kundini. Watano tu ndio waliosimama upande wake.

Kijana huyo alikuwa Salvador Allende Gossens, ambaye miaka 39 baadaye alichaguliwa kuwa Rais wa Chile. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe mnamo Desemba 1972 mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Guadalajara, nchini Mexico. Aliwaambia kwamba wengi wa wale waliomfukuza kwa kumwona mpinga mapinduzi waliishia kuwa na akaunti nono, mashamba makubwa na hisa za benki, na kwamba serikali yake ndiyo iliyokuja kuwapokonya mashamba hayo na kuzitaifisha benki hizo.

Ulimwengu unamkumbuka Allende kwa jinsi alivyokufa, ikulu ikiwaka moto huku ndege za kivita zikiidondoshea mabomu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alijifunza siasa katika chama cha wanafunzi wa udaktari, akakomaa katika vyama vya madaktari, na kwamba moja ya mapigo yaliyomuuma zaidi katika miaka yake ya mwisho lilitoka kwa chama hicho hicho cha taaluma yake.

Udaktari aliurithi. Babu yake, Ramón Allende Padín, alikuwa daktari na mwanasiasa aliyesimamia huduma za matibabu za jeshi la Chile katika vita dhidi ya Peru na Bolivia vilivyoanza mwaka wa 1879. Alikuwa mtu wa msimamo mkali kuhusu kutenganisha kanisa na serikali, hata wapinzani wake wakambandika jina la Allende Mwekundu. Alifariki mwaka wa 1884 akiwa na umri wa chini ya miaka 40. Mjukuu wake, aliyezaliwa Juni 26, 1908, hakuwahi kumwona, lakini alilelewa katika nyumba ambamo jina la mzee huyo lilitajwa kwa heshima.

Baba yake alikuwa wakili na mtumishi wa serikali aliyehamishwa hapa na pale, hivyo utoto wa Allende ulipita katika miji kadhaa, kutoka Tacna kaskazini hadi Valdivia kusini. Ni katika mji wa bandari wa Valparaíso, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alipozoea kupita katika karakana ya fundi viatu mmoja mzee, Mwitaliano aliyeitwa Juan Demarchi. Fundi huyo hakuamini serikali ya aina yoyote. Alimfunza kijana huyo kucheza sataranji, akamwazima vitabu na kumweleza kwa lugha nyepesi yale ambayo vitabu hivyo viliyasema kwa lugha nzito.

Allende alijiunga na kitivo cha udaktari jijini Santiago mwaka wa 1926. Mwaka uliofuata wenzake walimchagua kuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa udaktari, naye hakuwa ametimiza miaka 20.

Kuna haja ya kueleza kwa nini cheo hicho kilikuwa kizito wakati huo. Mwaka huo huo wa 1927 Kanali Carlos Ibáñez alitwaa mamlaka na kuanza kutawala kiimla. Vyama vya kisiasa vilibanwa, magazeti yakanyamazishwa, na chuo kikuu kikawa mojawapo ya mahali pachache ambapo watu waliweza kukutana na kusemezana. Miongoni mwa wanafunzi, wale wa udaktari ndio waliokuwa mstari wa mbele, kama Allende mwenyewe alivyoeleza miaka mingi baadaye. Waliishi katika vyumba vya kupanga katika mitaa ya watu wa hali ya chini, mchana wakawahudumia maskini wodini, usiku wakasoma Marx na Lenin na kubishana hadi usingizi uwashinde.

Walichokiona wodini hakikuhitaji kitabu. Chile ya miaka hiyo ilikuwa na mojawapo ya viwango vibaya zaidi vya vifo vya watoto wachanga duniani. Takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kifua kikuu kiliwamaliza vijana. Homa inayoenezwa na chawa ilivuma katika nyumba za kupanga zilizosongamana, ambamo familia nzima ililala katika chumba kimoja kisicho na dirisha.

Mwaka wa 1929 alirejea kufundisha katika kitivo hicho mtaalamu wa Kijerumani, Max Westenhöfer, aliyekuwa mwanafunzi wa Rudolf Virchow. Huyu Virchow ndiye daktari aliyetumwa Silesia mwaka wa 1848 kuchunguza homa kama hiyo, akarudi na ripoti iliyosema kwamba dawa ya ugonjwa huo ni elimu, uhuru na mishahara ya kutosha. Wasomi wameendelea kujadiliana ni kwa kiasi gani Allende aliathiriwa na mwalimu huyo. Lililo wazi ni kwamba fikra hiyo ilikuwepo darasani, na ushahidi wake ulikuwepo wodini.

Mwaka wa 1930 Allende alikuwa makamu wa mwenyekiti wa shirikisho la wanafunzi wote wa chuo hicho. Alikamatwa, akafukuzwa chuoni kwa muda, kisha akarejea. Mnamo Julai 1931, uchumi ukiwa umeporomoka, wanafunzi waliliteka jengo la chuo kikuu. Kijana mmoja wa udaktari, Jaime Pinto Riesco, akauawa kwa risasi. Hapo madaktari walisusia kazi, nao mawakili, wahandisi na walimu wakawafuata. Siku chache baadaye Ibáñez alijiuzulu na kukimbilia ng'ambo.

Somo hilo halikumtoka Allende. Watu waliovaa makoti meupe walikuwa wameacha kazi, na dikteta akaanguka. Mwaka huo huo madaktari waliunda chama chao cha kitaifa, Asociación Médica de Chile. Ni vyema msomaji akikumbuke kisa hiki cha Julai 1931, kwa kuwa silaha hiyo ya mgomo ilikuja kutumika tena, na safari hiyo ilielekezwa kwake yeye.

Mwaka wa 1932 serikali ya kijamaa iliyotangazwa na Marmaduke Grove, ambaye ndugu yake alikuwa amemwoa dada yake Allende, ilidumu siku 12 tu. Ilipopinduliwa, Allende alitiwa mbaroni na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Akiwa kizuizini, alipata habari kwamba baba yake, aliyekuwa na kisukari, alikuwa mahututi. Aliruhusiwa kwenda kumwona. Mzee alimwambia kwamba hakuwa na mali ya kumrithisha ila malezi safi na yenye heshima, na siku iliyofuata akafa. Mazishini, Allende aliapa kwamba maisha yake yangekuwa ya kupigania jamii.

Alihitimu mwaka wa 1933 kwa tasnifu kuhusu afya ya akili na uhalifu. Tasnifu hiyo ilizua mtafaruku mwaka wa 2005, pale mwandishi mmoja alipodai kwamba ilidhihirisha chuki ya rangi. Walioisoma nakala kamili walionyesha kwamba kurasa zilizolalamikiwa zilikuwa muhtasari wa mawazo ya Mwitaliano Cesare Lombroso. Hata hivyo, si haba kusema kwamba ni kazi ya kijana wa enzi zake, na baadhi ya istilahi zake hazisomeki vizuri leo.

Kupata kazi kulikuwa kibarua kigumu. Aliomba nafasi nne za hospitali huko Valparaíso akiwa mwombaji pekee, na mara zote nafasi hizo ziliachwa wazi, kwani sifa zake za kisiasa zilikuwa zimemtangulia. Hatimaye alipewa kazi ambayo hakuna aliyeigombania, yaani kusaidia katika idara ya kuchunguza maiti. Alizipasua maiti zipatazo 1,500. Kwa kisu aliona mapafu yaliyoliwa na kifua kikuu na miili ya watoto waliokosa chakula. Huenda hakuna waziri wa afya yeyote wa karne iliyopita aliyeijua mizani ya vifo vya nchi yake kwa ukaribu kiasi hicho.

Katika mji huo alishiriki kuunda tawi la Chama cha Kisoshalisti mwaka wa 1933, huku akiandikia na kuhariri majarida ya madaktari. Ndipo ilipojengeka hoja aliyoishikilia maisha yake yote: kwamba maslahi ya daktari na ya mgonjwa maskini yaweza kufungwa katika fungu moja. Daktari asiyelipwa mshahara wa haki atamkimbilia mwenye fedha. Mgonjwa asiye na fedha atakufa. Serikali ikiwaajiri madaktari na kuwalipa vizuri, wote wawili watanufaika.

Alichaguliwa mbunge mwaka wa 1937. Septemba 1939 Rais Pedro Aguirre Cerda alimteua kuwa Waziri wa Afya, naye akiwa na umri wa miaka 31. Mwaka huo alichapisha kitabu kuhusu hali ya afya na jamii nchini Chile. Kilikuwa kitabu kilichosheheni takwimu za vifo, mishahara, nyumba na lishe, kikieleza kwamba haiwezekani kuwapa watu afya iwapo hawana chakula, nguo wala paa. Januari ya mwaka huo huo, usiku wa tetemeko kubwa lililoharibu mji wa Chillán, ndipo alipokutana na Hortensia Bussi, aliyekuja kuwa mkewe. Walijaliwa mabinti watatu; mmoja wao, Beatriz, alifuata nyayo zake katika udaktari.

Aliingia Seneti mwaka wa 1945, na miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa kilele cha kazi yake katika taaluma. Alikuwa miongoni mwa waliopigania sheria ya mwaka wa 1948 iliyounda Colegio Médico, chama rasmi cha madaktari wa Chile. Hiki hakikuwa chama cha hiari. Kila daktari alilazimika kujisajili, na chama kilikuwa na uwezo wa kumwadhibu aliyekiuka maadili na pia wa kujadiliana na serikali kuhusu mishahara. Baadaye Allende alichaguliwa kukiongoza.

Kutoka nafasi hiyo alisukuma jambo alilokuwa amelitafuta tangu uwaziri wake. Agosti 1952 sheria ya kuunda Huduma ya Taifa ya Afya ilitiwa sahihi. Hospitali zilizokuwa zikiendeshwa na mashirika ya hisani, zahanati za bima ya wafanyakazi na idara za serikali ziliunganishwa chini ya paa moja. Uingereza ilikuwa imefanya vivyo hivyo miaka minne tu kabla yake.

Wengi hujiuliza imekuwaje Bunge lenye wahafidhina wengi kupitisha sheria ya namna hiyo. Sehemu ya jibu imo katika sheria nyingine ya mwaka wa 1951, iliyoweka viwango vya mishahara, saa za kazi na vyeo vya madaktari walioajiriwa na umma. Colegio Médico ilipata ilichokitaka kwanza, ndipo ikaunga mkono mpango mzima. Isitoshe, hata upande wa wahafidhina alikuwepo Eduardo Cruz-Coke, profesa wa kitivo kile kile cha udaktari na waziri wa zamani wa afya, ambaye aliamini katika tiba ya kinga. Madaktari wa vyama hasimu walikuwa wamekutana katika vikao vya taaluma kabla ya kukutana Bungeni.

Lakini katika mapatano hayo mlikuwa na ufa. Madaktari wengi walifanya kazi katika hospitali za umma asubuhi, na mchana wakaenda katika kliniki zao binafsi. Wafanyakazi wa mikono na maskini walitibiwa na Huduma ya Taifa. Makarani na watumishi wa ofisi walikuwa na mfuko wao. Mwaka wa 1968 sheria mpya iliwaruhusu hao wa mwisho kumchagua daktari wampendaye na kusaidiwa kumlipa. Soko la tiba binafsi likapanuka, na pamoja nalo idadi ya madaktari waliokuwa na kitu cha kupoteza.

Allende aligombea urais mwaka wa 1952 akapata kura chache mno. Aligombea tena mwaka wa 1958 na kushindwa kwa kura zipatazo 33,000, kisha mwaka wa 1964 akashindwa vibaya. Alikuwa akitania kwamba juu ya kaburi lake pangeandikwa kuwa hapo amelala rais mtarajiwa wa Chile. Mwaka wa 1970 alishinda kwa asilimia 36 ya kura, Bunge likamwidhinisha, na Novemba akaapishwa.

Hatua yake mashuhuri zaidi katika afya ilikuwa rahisi mno kueleza, nayo ni nusu lita ya maziwa kwa kila mtoto, kila siku. Wanafunzi wa udaktari walijitolea kwenda vijijini na mitaani. Zahanati zilifunguliwa hadi saa za usiku. Vifo vya watoto wachanga, ambavyo vilikuwa takriban 80 kwa kila watoto 1,000 alipoingia madarakani, vilishuka hadi takriban 65 kufikia mwaka wa 1973.

Kilichowakera madaktari wengi hakikuwa maziwa. Serikali ilitaka huduma moja ya afya kwa wote, jambo lililotishia kliniki za mchana. Vilevile iliunda mabaraza ya afya ambamo wauguzi, wafagiaji na wakazi wa mtaa waliketi meza moja na daktari mkuu. Kwa watu waliozoea neno lao kuwa la mwisho, hilo lilikuwa gumu kumeza. Ongeza juu yake mfumuko wa bei uliokula mishahara, uhaba wa dawa na vipuri, na shinikizo la Marekani, ambayo serikali yake ilikuwa imeazimia kuukaba uchumi wa Chile. Si haki kuwaita madaktari wote hao wasaliti. Wengine walikuwa na malalamiko ya kweli, na serikali haikuwa na majibu ya kuwaridhisha.

Oktoba 1972 wenye malori waligoma na kuifunga nchi. Siku chache baadaye Colegio Médico ilijiunga nao. Chama ambacho Allende alishiriki kukizaa, na ambacho aliwahi kukiongoza, kiliwaamuru wanachama wake waache kazi ili kumshinikiza yeye. Ilikuwa silaha ile ile ya Julai 1931.

Hospitali hazikufungwa zote. Sehemu ya madaktari walikaidi amri ya chama chao, nao wauguzi na wanafunzi wa udaktari walibaki wodini kwa zamu ndefu. Hivyo mzee aliyeanza safari yake kama kiongozi wa wanafunzi wa udaktari aliokolewa, walau kwa muda, na kizazi kipya cha wanafunzi hao hao. Mgomo ulimalizika Novemba baada ya majenerali kuingizwa katika baraza la mawaziri. Mnamo Agosti 1973 madaktari waligoma tena, na viongozi wa Colegio wakamtaka rais ajiuzulu.

Septemba 11, 1973, wanajeshi chini ya Jenerali Augusto Pinochet waliizingira ikulu ya La Moneda. Ndani, kando ya rais, walikuwepo madaktari kadhaa waliokataa kumwacha. Mmoja wao, Patricio Guijón, ndiye aliyeshuhudia dakika yake ya mwisho, Allende alipojipiga risasi ili asitekwe akiwa hai. Mwingine, Enrique París, alikamatwa na hakuonekana tena akiwa hai. Georges Klein, kijana aliyekuwa na uraia wa Ufaransa pia, aliangamia vivyo hivyo.

Uongozi wa Colegio uliyapokea mapinduzi hayo kwa furaha. Madaktari waliokuwa wamekataa kugoma walifutwa kazi, wengi wakafungwa au kukimbilia uhamishoni, na makumi wakauawa au kutoweka. Jambo linaloumiza zaidi kulisimulia ni kwamba baadhi yao walichongewa kwa wanajeshi na wenzao wa kazi.

Utawala ule ambao viongozi wa Colegio waliushangilia haukuwalipa fadhila. Mwaka wa 1981 Pinochet alikipokonya chama hicho mamlaka ya kisheria ya kuwaadhibu wanachama na kukifanya cha hiari, sawa na klabu yoyote. Huduma ya Taifa ya Afya ilikuwa imekwisha kugawanywa vipande. Mapema katika mwongo huo wanachama waliwachagua viongozi wapya, naye Juan Luis González akawa mwenyekiti. Chini yake Colegio ilianza kuwachunguza madaktari walioshiriki katika vyumba vya mateso na kuwafukuza baadhi yao. Mwaka wa 1986 González aliongoza muungano wa vyama vya kiraia uliodai demokrasia, akatupwa gerezani kwa sababu hiyo.

Allende alikuwa amezikwa kimyakimya katika kaburi la jamaa zake huko Viña del Mar, bila jina lake kuandikwa. Septemba 4, 1990, miaka 20 kamili tangu siku ya ushindi wake, mabaki yake yalihamishiwa Santiago na kuzikwa kwa heshima za kitaifa, umati ukiwa umejipanga barabarani. Uvumi kuhusu namna alivyokufa uliendelea, kwa kuwa uchunguzi wa kwanza ulifanywa usiku ule ule wa mapinduzi katika hospitali ya kijeshi. Mei 2011, kwa amri ya mahakama, kaburi lilifunguliwa, na wataalamu wa Chile na wa kigeni wakaichunguza mifupa ya mtu ambaye ujanani alikuwa amewafanyia wengine 1,500 kazi hiyo hiyo. Julai walitoa ripoti yao. Alijiua mwenyewe, kama Guijón alivyokuwa amesema tangu siku ile.